Kutoka Mzimuni hadi Hadharani: Uhakiki wa Mtazamo wa Jamii kuhusu Uganga na Uchawi katika Kazi Tatu za Fasihi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Upo usomaji uliozoeleka wa kazi za Kiswahili zinazohusu mizimu, uganga na uchawi. Usomaji huo huiona jamii kama msafiri wa njia moja: alitoka katika imani, akapitia shaka na sasa anaelekea kwenye sayansi. Makala haya yanajadili kuwa njia hiyo haimo katika matini zenyewe. Kinachobadilika zaidi katika matini hizo ni idhini ya kusema hadharani, yaani nani anaruhusiwa kuyataja mambo haya mchana, kwa jina gani na kwa hasara ya nani. Kazi zinazohakikiwa ni *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla, *Kinjeketile* (1969) ya Ebrahim Hussein na *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* (1980) ya Aniceti Kitereza.

2.0 Majina na Hukumu Zake

Kiswahili kinamtofautisha mganga na mchawi. Mganga huweka kibao barabarani, lakini hakuna awekaye kibao cha uchawi. Uganga ni kazi ambayo mtu hujitangazia mwenyewe, ilhali uchawi aghalabu ni jina ambalo mtu hubandikwa na wenzake. Istilahi nyingine zimekuja na hukumu ndani yake. "Ushirikina" umetokana na shirki, dhana ya Kiislamu ya kumshirikisha Mungu na kingine, nalo neno "mpagani" limeenezwa na mahubiri ya misheni. Mtafiti anayezitumia bila tahadhari huwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya kuchambua.

Sheria ya Uchawi iliyotungwa Tanganyika mwaka 1928 haikuuzingatia utengano huo wa lugha. Ilimhesabu kuwa mkosaji anayedai kuwa na nguvu za uchawi, na pia anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Kwa hiyo mganga, mtuhumiwa na mshtaki walijikuta chini ya dari moja la kisheria. Baada ya uhuru, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilimpa mganga nafasi ya kusajiliwa, lakini ile ya awali haikufutwa. Ukaribisho na katazo vinaishi pamoja.

3.0 Uchambuzi wa Matini

3.1 Hofu kama maficho

Katika riwaya ya Abdulla, mwili wa Bwana Ali unakutwa mzimuni, na wengi wanaridhika kwamba mizimu ndiyo iliyoua. Bwana Msa hakubali. Anauliza, anapima na hatimaye mkono wa binadamu unadhihirika. Ni rahisi kuhitimisha kwamba riwaya inaubomoa mzimu. Hata hivyo, upelelezi wa Bwana Msa hauhitaji kuthibitisha kuwa mizimu haipo. Unahitaji tu kuonyesha kuwa mauaji haya yana mwenyewe. Kinachoshtakiwa ni ukimya unaouzunguka mzimu, kwa kuwa mahali ambapo watu wanaogopa kutazama ndipo mhalifu anapopata hifadhi.

3.2 Pepo katika huduma ya taifa

Hussein anamtoa Kinjeketile mtoni mbele ya macho ya watu, akiwa amebeba maji na ujumbe wa Hongo. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha kuwa kisa cha umoja wa kitaifa, na kupandwa na pepo kukapata heshima jukwaani. Lakini heshima hiyo ilikuwa na masharti: pepo anakubalika kwa kuwa anawaunganisha watu. Tamthilia yenyewe inalijua tatizo hili. Kinjeketile anaanza kuushuku ujumbe anapotambua kuwa ulitaja utumwa mwingine chini ya Seyyid Said, na mwishoni anakataa kuukana mbele ya Wajerumani, kwa sababu neno limekwisha kuwa mali ya wengine. Hussein hatuambii tuamini wala tusiamini. Anatuonyesha imani ikimtoka mikononi aliyeitangaza.

3.3 Uganga wa mchana

Kwa Kitereza, mganga huendewa mchana, hulipwa na huzungumzwa kama fundi yeyote. Utasa unaowasumbua Myombekere na Bugonoka unatafutiwa dawa bila aibu, na msimulizi haombi radhi kwa msomaji. Mwandishi huyu alikuwa Mkatoliki aliyesomeshwa na misheni.

Hapa ndipo usomaji wa njia moja unapokwama. Tukizipanga kazi hizi kwa miaka ya kuchapishwa, tutaona mzimu ukitiliwa shaka (1960), ukitaifishwa (1969), kisha ukikubaliwa (1980). Ni mpangilio unaovutia, lakini si sahihi. Kitereza alikamilisha kazi yake kwa Kikerewe mwaka 1945, kabla ya hizo nyingine mbili. Sauti inayoonekana kuwa ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Uwazi haukuzaliwa na uhuru. Ulikuwapo chini ya misheni na chini ya sheria ya 1928, ukisubiri mchapishaji na lugha yenye wasomaji wengi zaidi.

4.0 Hitimisho

Uhakiki unaoshangilia uwazi peke yake hautoshi. Vikongwe wameuawa Usukumani kwa tuhuma za uchawi, na watu wenye ualbino wameshambuliwa kwa sababu ya viungo vyao. Mwezi Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Katazo hilo liligusa palepale ambapo lugha ilikwisha kuweka mpaka: kumtibu mgonjwa ni jambo moja, na kumtajia jirani aliyemroga ni jambo jingine. Ramli ya namna hii humgeuza mganga wa mchana kuwa mtoa hukumu, na hukumu hiyo hutekelezwa usiku.

Kazi hizi tatu zinatupa kipimo kinachofaa zaidi kuliko swali la imani. Abdulla anatufundisha kuuliza nani ananufaika na hofu. Hussein, nani analimiliki neno baada ya kutamkwa. Kitereza, ni kipi kinachoweza kufanyika mchana bila kumdhuru mtu. Mila inayoyastahimili maswali hayo matatu inastahili kusemwa kwa jina lake, bila kuitwa upagani. Isiyoyastahimili haiwi njema kwa kuwa ni ya kale, na mhakiki hana sababu ya kuisitiri.