Kurudi kwa Asiyeondoka

Katika maandishi ya Kanisa Katoliki juu ya Waprotestanti, yaliyotangulia Mtaguso wa Pili wa Vatikano, neno moja latawala mengine yote, nalo ni kurudi. Mfano ulio wazi ni waraka wa Papa Pius XI uitwao Mortalium Animos, wa tarehe 6 Januari 1928. Humo Wakatoliki wakatazwa kushiriki mikutano ya umoja iliyoitishwa na madhehebu mengine. Nao Waprotestanti wafananishwa na watoto walioiacha nyumba ya baba zao, ambao hawana njia ya umoja ila kuirejea.

Sifa ya waraka huo ni uthabiti. Hauchukui kweli kuwa kitu cha kugawanywa kwa mapatano, kama warithi wagawanyavyo shamba, wala haumdanganyi asiye Mkatoliki kwa maneno matamu. Aaminiye kwamba roho ya mwenzake imo hatarini, kisha akanyamaza, hampendi. Wauonao wito wa kuongoa kuwa kiburi tu hulisahau jambo hilo.

Hata hivyo, mfano wa mtoto aliyeondoka watokana na habari za Ulaya, za Ujerumani ya Luther na Uingereza ya Henry VIII. Katika uwanda wa kati wa Tanzania wapungukiwa na nguvu. Wamisionari wa CMS, Waanglikana, walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na dayosisi yao ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927. Prefektura ya Kitume ya Dodoma, iliyokabidhiwa mapadre Wapasionisti, iliundwa mwaka 1935, ikawa jimbo mwaka 1953. Mgogo ambaye babu yake alibatizwa na CMS hakuiacha Roma kamwe. Alichokiacha babu huyo ni matambiko ya wazee wake. Ugomvi wa karne ya 16 alipewa pamoja na ubatizo, kama mtoto arithivyo deni asilolikopa. Kumwambia mjukuu wake arudi ni kumsingizia safari asiyoifunga.

Mtetezi wa mafundisho ya kale ana jibu, wala si jibu dhaifu. Atasema kwamba ubatizo wa kweli ni mmoja, na kila aupataye huwa mtoto wa nyumba ile moja, ajue asijue. Kwa hiyo anarudi kwao hata kama hajapata kuuona mlango wake. Lakini jibu hilo lazaa zaidi ya alitakalo msemaji. Ikiwa ubatizo wamfanya Mwanglikana kuwa mtoto wa nyumba, basi hayuko nje kabisa, na usemi wa kale kwamba nje ya Kanisa hapana wokovu hauwezi kumwangukia kwa uzito wake wote. Hapo ndipo ilipofika hati ya Mtaguso juu ya umoja wa Wakristo, Unitatis Redintegratio, ya tarehe 21 Novemba 1964: kwamba waliobatizwa wana ushirika fulani na Kanisa Katoliki, ingawa haujakamilika, kwamba wanaozaliwa leo katika madhehebu hayo hawana hatia ya utengano, na kwamba mara nyingi kosa lilikuwa la pande zote mbili.

Kiswahili chaweza kulieleza jambo hilo kwa mnyambuliko wa kitenzi kimoja. Asemaye ndugu waliojitenga amekwisha kuhukumu. Asemaye waliotengwa ameihamisha hatia kwa mwingine. Asemaye waliotengana amekiri kwamba walioachana ni wawili. La tatu ndilo liifaalo hati ya 1964, na kulichanganya na la kwanza ni kuurudisha waraka wa 1928 kwa mlango wa nyuma.

Wala jambo hili si la sarufi tu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwataka wachumba wa madhehebu mawili waahidi wote kwamba watoto watabatizwa na kulelewa katika Ukatoliki. Tangu mwaka 1970, kwa agizo la Papa Paulo VI, ahadi hutakiwa kwa Mkatoliki peke yake, kwamba atafanya awezavyo. Mwenzake huarifiwa tu. Katika mtaa kama Makole, mjini Dodoma, ambako anayebisha hodi kwa "Tumsifu Yesu Kristu" na anayebisha kwa "Bwana Yesu asifiwe" huweza kuwa mashemeji, tofauti hiyo huingia moja kwa moja katika posa na malezi.

Upungufu wa hati ya 1964 ni kwamba yasema kumpokea mtu mmoja mmoja atakaye ushirika kamili ni kazi tofauti na kutafuta umoja, na kwamba kazi hizo hazipingani, lakini haionyeshi mhubiri azifanyeje zote mbili mbele ya jirani yule yule. Wito basi haukufutwa. Lakini Mkatoliki anayeuamini bado, akitaka kusema kweli katika nchi hii, hana budi kumwambia jirani yake njoo, wala si rudi. Na asemaye njoo hulazimika kueleza anamwita kwenye nini, kwa kuwa hawezi tena kuitegemea hatia ya anayeitwa.