Jaza maji. Maji gani?

Video nyingi za Kiswahili za kumfundisha mtu gari zinakwambia: rejeta ikipungua, jaza maji. Basi! Maji gani, hawasemi. Bwawa letu la Hombolo, la tangu 1957, lina maji ya chumvi. Kwenye injini chumvi inachochea kutu, na madini mengine yanaganda kama ule ukoko wa birika lako. Joto linakosa pa kutokea.

"Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto." Sawa, ila kwa nini? Mfuniko unabana presha, maji yanavuka nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, presha inaachia, yanachemka ghafla na kukurukia usoni. Sentensi mbili tu, fundi wangu, zingekushinda?

Kulanti nayo wengine wanaitaja kama anasa, wakati ndiyo inayozuia kutu.