Mkono Unaoijua Ringi

Fundi mmoja wa Unga Limited, hapa Arusha, ambaye jina lake naliacha kwa sababu hapendi kusemwa, haanzi kwa kumuuliza mteja mashine imefanya nini. Humuuliza inaishi wapi. Ukisema Poli, Nkoaranga, au juu kule mpakani mwa msitu, mkono wake unakwenda kwenye kopo moja la spea. Ukisema Magugu au Mto wa Mbu, kule chini bondeni, unakwenda kwenye kopo jingine. Waliozoea maduka ya siku hizi, ambako unataja jina la mashine na kukabidhiwa kimfuko cha nailoni chenye karatasi ya rangi, huona swali hilo ni porojo za mzee anayetaka kuongea.

Lakini swali hilo lina sababu. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya kahawa na migomba ya Wameru yanazidi kupanda kutoka hapo. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Injini ya lori italalamika kidogo mlimani kisha itaendelea na safari. Injini ndogo ya kuchanganya oili, ile ya bomba la kupulizia dawa au ya chenso, haina nguvu ya ziada ya kupoteza. Kabureta iliyopangwa pwani ikifika huku inamwaga petroli kuliko hewa iliyopo. Plagi inatoka nyeusi tititi, moshi unatanda shambani, mwenye mashine anaanza kumlaani aliyemuuzia. Kumbe hakuna kilichokufa. Panahitajika jeti yenye tundu dogo zaidi, au skrubu ikazwe nusu mzunguko, na pengine gasketi ya kichwa ipunguzwe unene ili hiyo hewa haba ibanwe barabara.

Ila utamu wa kazi yenyewe uko kwenye ringi ya pistoni. Nilimkuta siku moja na mama wa Akheri aliyeleta bomba lake la injini, la kampuni ambayo haileti tena vipuri.

"Shikamoo mzee. Nimezunguka maduka yote, ringi yake haipo mjini."

"Marahaba mama. Ipo, ila imeandikwa jina la mashine nyingine."

Akamwaga kopo zima juu ya gunia: ringi za pikipiki, za jenereta, za pampu za maji, nyingine hata sijui za nini. Alianza na unene, wala hakugusa upana kwanza. Kipimo chake cha venia kimefutika namba kwa miaka, lakini anakisoma. Ringi ikiwa pana kidogo kuliko silinda, ncha zake zinapigwa tupa mpaka ziingie. Ikiwa nyembamba ndani ya mfereji wa pistoni, itachezacheza na kuumega mfereji wenyewe, na hapo utanunua pistoni. Nene kidogo anaikubali. Aliilaza juu ya kioo cha dirisha kilichofunikwa msasa laini, akaizungusha kwa vidole viwili, akageuza, akazungusha tena, akaijaribu kwenye mfereji. Hakuwa na haraka, na mama hakumharakisha.

Kisha ikaja pini. Injini za aina hii zina madirisha ubavuni mwa silinda, ya kuingizia mchanganyiko na kutolea moshi, na ringi ikiachwa izunguke ovyo, ncha yake itachungulia dirishani siku moja na kukatika. Ndiyo maana kwenye mfereji wa pistoni kuna kipini cha kuizuia. Ringi ya pikipiki ya mipigo minne haikijui kipini hicho, kwa hiyo fundi alizichonga ncha zake vijinafasi viwili kwa tupa ndogo ya saa, kila upande nusu. Akaiingiza ndani ya silinda peke yake, akaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, akawasha tochi ya simu kwa chini na kuchungulia kwa juu. Mwanga ulipita mahali pamoja tu, kwenye pengo la ncha, upana wa karatasi mbili za daftari. Akaniita nione. Sijawahi kuona duara lililotimia namna ile.

Jambo moja zaidi alilifanya kimyakimya. Alizirudisha koponi ringi mbili zilizokuwa na saizi nzuri kwa sababu ziling'aa kwa kromu, na silinda ya mama nayo ilipakwa kromu. Kromu kwa kromu zinatafunana. Hakuna karatasi ya dukani iliyomwambia hivyo.

Ufundi huu una ndugu zake mbali. Mwaka 1947 Mmarekani Ray Arden alianza kuuza plagi ndogo yenye waya wa platini kwa ajili ya injini za ndege za mfano, zile ndege za kuchezea zinazoruka kweli. Plagi hiyo haitoi cheche. Inapashwa kwa betri wakati wa kuwasha, betri inaondolewa, na waya unaendelea kuwaka wenyewe kwa joto la mgandamizo na kwa namna platini inavyoichokoza methanoli. Wapenzi wa injini hizo nao huchagua kwa kuangalia mahali wanaporushia: mlimani hutafuta plagi ya moto zaidi na kutoa washa nyembamba moja chini ya kichwa, sababu ni ileile ya fundi wetu. Wengine hutumia pistoni isiyo na ringi kabisa, ndani ya mrija wa shaba nyeupe uliopakwa kromu, unaobana kwa juu injini ikiwa baridi na kuachia ikishapata moto. Pistoni na mrija wake huoanishwa tangu kiwandani; ukichukua pistoni ya huyu na mrija wa yule umejitafutia ugomvi. Na oili yao ya jadi ni mafuta ya nyonyo, yatokayo kwenye mbarika, mti uotao wenyewe kando ya mitaro yetu bila mtu kuujali. Siku hizi tunayajua kwa kupaka nywele, basi.

Huku kwetu, ufundi huu niliuona tangu utotoni. Nilikulia miaka ya uhaba, mwanzoni mwa themanini, wakati sabuni ilikuwa habari na ringi ilikuwa ndoto. Bomba la kupulizia kahawa la nyumbani kwetu lilipofumua gasketi, baba alinituma kwa fundi na boksi tupu la biskuti. Fundi alililaza boksi juu ya bloku, akaligonga kwa nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, taratibu, akifuata ukingo wa chuma mpaka karatasi ikajikata yenyewe, pamoja na matundu ya boliti. Hakupima wala kuchora. Gasketi hiyo alipaka grisi, ikakaa msimu. Katika miaka hiyo serikali nayo iliamini kwamba vipuri vinaweza kutengenezwa nyumbani: SIDO, shirika la viwanda vidogo, lilikuwepo tangu 1973; TEMDO, shirika la kubuni mitambo, likaanzishwa hapa Arusha mwaka 1980, na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, mwaka uliofuata. Majengo yapo mpaka leo. Imani ile ndiyo siioni sana.

Sasa tunazo mashine za bei rahisi kiasi kwamba kuua moja si msiba. Kijana anafungua duka la spea, anabadilisha kichwa kizima, silinda, pistoni na kila kitu, kwa dakika ishirini, na cha zamani kinakwenda kwa wauza chuma chakavu kwa kilo. Simlaumu sana, mteja wake anataka kurudi shambani jioni. Lakini kichwa kipya kikikaba baada ya mwezi, hajui kwa nini, kwa kuwa hakuitoa plagi ya kile cha zamani kuitazama. Ingekuwa rangi ya kahawa ya maziwa, angejua mchanganyiko ulikuwa salama. Ingekuwa nyeupe kavu, angetafuta oili sili inayovujisha hewa, maana ugonjwa haukuwa kwenye pistoni kabisa.

Wapo wachache wenye jicho hilo bado. Bernard Kiwia, fundi wa baiskeli wa hapahapa, alitengeneza chaja ya simu inayoendeshwa kwa baiskeli na baadaye akashiriki kuanzisha kituo cha ubunifu cha Twende. Lakini mzee wa Unga Limited hana mwanafunzi hata mmoja, na macho yake yameanza kutaka miwani kwenye pengo la ringi. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini. Walimu wa karakana, wapelekeni vijana wenu Unga Limited siku za mafunzo kwa vitendo, wakae juu ya yale magunia wiki mbili tatu. Na mwombeni mzee aje kufundisha darasani, mumlipe kama mnavyomlipa mgeni yeyote.