Kamera ilikuwa wapi?

Huenda umewahi kutumiwa ile picha kwenye WhatsApp: mawingu ya dhoruba usiku, yanatazamwa kutoka angani, na juu yake mchirizi wa buluu unapanda kama moshi wa udi uliomulikwa taa. Ilisambaa Januari 2021, pale Shirika la Anga za Juu la Ulaya lilipotangaza matokeo ya ASIM, kifaa kilichofungwa nje ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Ni picha nzuri. Niliipenda mpaka nikaiweka kwenye slaidi ya kwanza nilipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa skuli moja hapa Unguja. Nikawaambia, "Hii hapa, radi inayopiga kwenda juu." Msichana mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani hiyo kamera ilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi nyumbani ndipo nikasoma maelezo ya chini ya picha, kazi ambayo nilitakiwa kuifanya kabla. Ni mchoro wa msanii. Kamera haikuwepo.

Sasa tuelewane. Msanii simlaumu, hata moyo tumeujua skuli kwa michoro. Lawama yangu ni kwamba mchoro huu unatupa kitu ambacho kifaa chenyewe hakikukiona, kisha unatuficha kile kilichoonekana, nacho kwa maoni yangu ndicho kitamu zaidi.

Anza na mahali pa jicho. ASIM ilirushwa Aprili 2018, na wakati wa tukio lile kamera zake zinazofuatilia radi zilitazama chini moja kwa moja, kutoka kimo cha kilomita 400 hivi. Utazame mnazi kutoka juu: utaona makuti, urefu wa shina hutaujua. Mchoro unaonesha shina. Ile habari kwamba mchirizi ulifika kimo cha kilomita 50 hivi ni hesabu iliyofanywa kutokana na mwanga, wala hakuna aliyeuona ukipanda kwa ubavu namna ile.

Halafu kasi. Kamera hizo hupiga picha 12 kwa sekunde, yaani kila picha inakusanya mwanga wa milisekunde 83 hivi. Mimweko ya tukio lile ilidumu kama mikrosekunde 10 kila mmoja. Ni zaidi ya mara 8,000 fupi kuliko picha yenyewe! Kamera haikuwa na namna ya kuufuata mmweko hatua kwa hatua. Kazi hiyo ilifanywa na vifaa visivyotoa picha kabisa: fotomita tatu, kila moja inapima mwanga wa rangi yake, mara 100,000 kwa sekunde. Matokeo yake ni mistari mitatu kwenye grafu, na hiyo grafu haikusambaa WhatsApp.

Hebu tuisome pamoja. Mstari wa kwanza ni nanomita 777.4, mwanga wa atomu za oksijeni. Ili upate atomu hizo kwa wingi lazima hewa ichemke mpaka molekuli zivunjike, na ndicho kinachotokea ndani ya radi ya kawaida, ambamo joto hupita nyuzi 20,000. Mstari wa pili ni nanomita 337, wa naitrojeni. Huu hauhitaji joto: elektroni zenye kasi zikiigonga molekuli ya naitrojeni, inawaka hata kama hewa yenyewe ni baridi. Wa tatu ni urujuanimno, nanomita 180 hadi 230. Mwanga huu humezwa na oksijeni na ozoni, kwa hiyo ule wa radi ya chini haufiki juu. Ukiupata kwa wingi, jua umetoka kwenye tabaka za juu sana, kwa mfano kwenye elvisi, zile pete za mwanga za kimo cha kilomita 90 hivi zinazotanuka na kupotea ndani ya milisekunde moja.

Tarehe 26 Februari 2019, karibu na kisiwa cha Nauru katika Bahari ya Pasifiki, mstari wa 337 uliruka mara tano. Ule wa 777.4 ulikuwa hafifu. Ukijua kusoma, umeshaelewa: kitu kimewaka bila kuchemka, na mkondo wa moto haukuwepo au ulikuwa mdogo sana. Isitoshe, miruko ile ilikuwa myembamba. Mwanga unaotoka kina cha wingu hugonga matone njiani, ukachelewa na kutawanyika, kwa hiyo hufika ukiwa mpana. Mwembamba maana yake umetokea karibu na kilele. Nne kati ya hizo tano zilifuatana na urujuanimno: elvisi. Kisa kizima kimo humo, na hakuna jicho lililokiona kwa ubavu.

Ndiyo maana ile kauli yangu ya "radi inayopiga kwenda juu" naijutia. Kwa mchirizi wa buluu ina nusu ya ukweli: unakwenda juu kweli, lakini si ule moto tunaouogopa. Kwa ndugu yake mwekundu, spraiti (hapana, si soda), ni kosa kabisa. Spraiti huanzia kilomita 70 hadi 80 juu, mbali na wingu, na matawi yake hushuka kwanza. Nimekuta picha zake zikisambazwa kwa maelezo yaleyale.

Usidhani mstari wa 777.4 ni mambo ya Pasifiki tu. Kwa mwanga huohuo setilaiti ya TRMM ilihesabu radi za ukanda wa joto kuanzia 1997, na ndiyo iliyotuonesha kwamba Kabare, mashariki ya Kongo, hupata mimweko 205 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo.

Lakini swali la yule binti lina jibu jingine. Picha ya kwanza ya spraiti, ya tarehe 6 Julai 1989, ilipigwa kutoka ardhini na John Winckler na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, waliokuwa wanajaribu tu kamera ya mwanga hafifu. Walitazama dhoruba ya mbali, kwa ubavu. Na sisi tunaokaa Mji Mkongwe tumepewa mkao huohuo. Kutoka Forodhani hadi Morogoro ni kama kilomita 185. Wingu la kilomita 15 likiwa huko, kilele chake hakifiki hata nusu ya ngumi ukinyoosha mkono kuelekea upeo wa macho. Spraiti ingekuwa ngumi mbili juu, kwenye anga tupu yenye nyota.

Mchirizi wa buluu usiutegemee, maana hewa ya umbali huo hutawanya buluu, na ule urujuanimno wa nanomita 180 hadi 230 haufiki ardhini kabisa. Nyekundu hupita. Masika, Bara ikimulika na huku kwetu kukiwa kweupe, tafuta paa lisilo na taa, elekeza kamera magharibi ukiegemea kusini kidogo, na uache video iende. Ukipata kitu, tutumie pamoja na saa kamili na mahali kamera ilipokuwa.