Mizimu Minne, Kanuni Nne: Kuijenga Upya Pac-Man kwenye Laptopu ya Mtumba

Anayejaribu kuijenga Pac-Man kwa mikono yake kwa kawaida huanza na kinachoonekana: duara la njano lenye mdomo, kuta za buluu, vidoti vya kuliwa. Hayo hayachukui muda. Kisha anaweka mizimu minne, anaiamuru yote imfuate mchezaji, na hapo mchezo unapoteza ladha. Mizimu inaingia ujia mmoja, inajipanga foleni, na mchezaji anaizungusha atakavyo. Tofauti kati ya nakala hiyo na mchezo uliotolewa na kampuni ya Namco huko Japani mwaka 1980, ukiwa umebuniwa na Toru Iwatani, haiko kwenye rangi wala michoro. Iko kwenye kanuni chache za mwendo wa mizimu, na kanuni hizo anaweza kuziandika yeyote anayejua kutoa na kuzidisha.

Nawaandikia hasa vijana wa Arua na Koboko wanaojifunza programu bila mwalimu, kwa laptopu za mtumba. Eneo letu la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, lilikaa nje ya gridi ya taifa hadi mwaka 2024, na kabla ya hapo umeme wetu ulitoka kwenye jenereta na bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5. Mtu akikwambia kwamba michezo ya kompyuta haiwezi kutengenezwa katika mazingira ya namna hii, mtajie Lual Mayen. Msudani Kusini huyo alikulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alijinyima miaka 3 hadi akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, naye akawa anatembea saa 3 kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, akatengeneza mchezo wa amani alioupa jina Salaam, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye tuzo za The Game Awards nchini Marekani. Mayen hakunakili Pac-Man, ila alithibitisha kwamba kifaa duni si kikwazo cha mwisho.

Kwa Pac-Man kifaa duni si kikwazo kabisa. Mashine ya mwaka 1980 ilitumia kichakataji cha Z80 chenye kasi ya megahezi 3.072, na programu yake nzima ilienea katika kilobaiti 16. Picha moja iliyopigwa kwa simu leo ina uzito unaoupita mchezo huo zaidi ya mara mia. Laptopu yoyote inayowaka inatosha.

Mimi mchezo wangu niliuanza na ramani. Skrini ya asili ina pikseli 224 kwa 288, imegawanywa katika vigae vya pikseli 8 kwa 8: safu wima 28 na mistari 36. Njia zenyewe zinachukua mistari 31, na iliyobaki ni ya alama, maisha na matunda. Ramani hiyo iandike kama jedwali la tarakimu: 0 ni ukuta, 1 ni njia yenye kidoti, 2 ni kidonge cha nguvu, 3 ni njia tupu. Vidoti ni 240 vya alama 10, vidonge ni 4 vya alama 50, kwa hiyo kusafisha ramani moja kunaleta alama 2,600 bila matunda wala mizimu. Jumla yako ikitofautiana na hiyo, kagua jedwali kabla ya kuendelea.

Sasa mizimu. Mzimu hautafuti njia nzima hadi kwa mchezaji. Una kigae kimoja unacholenga, na kila unapofika njia panda unajiuliza swali moja tu: nikiingia kigae kipi cha jirani nitakuwa karibu zaidi na ninacholenga? Umbali unapimwa kwa mstari ulionyooka, kuta hazihesabiwi. Tena mzimu hauruhusiwi kugeuka nyuma kwa hiari yake.

Chukua mzimu ulio safu ya 10, mstari wa 12, unaoshuka, na unalenga safu ya 16, mstari wa 20. Juu ndiko ulikotoka, hakufai. Ukienda kushoto, tofauti ni 7 na 8, na jumla ya vipeo vyake vya pili ni 49 na 64, yaani 113. Ukishuka, ni 36 na 49, yaani 85. Ukienda kulia, ni 25 na 64, yaani 89. Namba ndogo ni 85, basi mzimu unashuka. Kipeuo cha pili hakihitajiki, kwa sababu tunalinganisha tu. Namba mbili zikilingana, mpangilio wa kupendelea ni juu, kushoto, chini, kisha kulia. Hiyo ndiyo akili yote ya mzimu njiani.

Tabia zinatokana na shabaha. Blinky, mwekundu, analenga kigae alipo mchezaji. Pinky, wa waridi, analenga vigae 4 mbele ya mchezaji. Inky, wa samawati, anachukua kigae cha pili mbele ya mchezaji, anapima mstari kutoka kwa Blinky hadi hapo, kisha anaurefusha mara mbili. Mwisho wa mstari huo ndio shabaha yake. Clyde, wa chungwa, humfuata mchezaji akiwa mbali naye kwa zaidi ya vigae 8. Akisogea karibu, anageukia pembe yake ya chini kushoto. Hakuna mzimu unaoshauriana na mwingine, lakini mchezaji anajikuta amezingirwa: mmoja nyuma, mmoja mbele, wa tatu ubavuni. Ukiziandika kanuni hizi nne kwa usahihi, foleni ile niliyoitaja mwanzo inavunjika yenyewe.

Juu ya hizo kuna ratiba. Katika hatua ya kwanza mizimu hutawanyika kila mmoja kwenye pembe yake kwa sekunde 7, huwinda kwa sekunde 20, hutawanyika 7, huwinda 20, hutawanyika 5, huwinda 20, hutawanyika 5, kisha huwinda moja kwa moja. Kila zamu inapobadilika, mizimu yote hugeuka nyuma kwa pamoja, na mchezaji makini huisoma ishara hiyo. Bila mapumziko haya mchezo unachosha, maana mchezaji hapati nafasi ya kupumua na kupanga.

Mambo mawili madogo ndiyo wanafunzi wengi huyaruka. La kwanza: mchezaji akila kidoti husimama kwa fremu 1, akila kidonge husimama fremu 3, kati ya fremu 60 za kila sekunde. Ndiyo maana Blinky hukukaribia ukiwa unakula na kuachwa ukikimbia njia tupu. La pili: mizimu iliyoogopa baada ya mchezaji kula kidonge cha nguvu huchagua njia kwa namba za kubahatisha, lakini mashine ya asili huanza mfululizo wa namba hizo upya, ule ule, kila hatua inapoanza. Mchezaji akirudia mwendo ule ule, mizimu nayo hurudia. Ukitumia namba za kubahatisha za kawaida, umefuta jambo lililowafanya watu wakariri njia zao.

Kuna pia makosa ya asili ambayo mnakili lazima ayaamulie. Mchezaji akitazama juu, Pinky halengi vigae 4 juu tu. Kwa kosa la kujumlisha, anasogea pia vigae 4 kushoto. Nashauri ulitunze, kwa kuwa wachezaji hodari walijenga mbinu juu yake. Lakini kosa la hatua ya 256 liache. Hatua inahesabiwa katika baiti moja, ambayo mwisho wake ni 255, na ikizidi, sehemu inayochora matunda inapoteza hesabu na kuivuruga nusu ya kulia ya skrini. Hapo hakuna cha kujifunza zaidi ya kuheshimu mipaka ya namba.

Neno moja la sheria kwa anayetaka kuuza kazi yake. Mwaka 1982 mahakama ya rufaa ya Marekani iliipa Atari, iliyokuwa na haki za Pac-Man kwa mashine za nyumbani, ushindi dhidi ya mchezo wa Philips ulioitwa K.C. Munchkin. Wazo la kukimbizana kwenye njia zilizozungushwa halikuwa na mwenyewe, ila sura za wahusika zilifanana mno. Kwa hiyo jifunze kwa kunakili, lakini unachopeleka sokoni kiwe na jina lako, wahusika wako na ramani yako, na maandishi yake yawe ya Kiswahili, Kilugbara au Kikakwa ukipenda.

Nakala iliyokamilika ina kipimo chake. Simamisha mchezo katikati, onyesha mzimu wowote kwenye njia panda, na useme utageukia wapi kabla hujauachia uendelee. Ukipatia kwa mizimu yote minne, msimbo huo umeuelewa. Sasa ongeza mzimu wa tano wenye kanuni uliyoitunga mwenyewe, mpe jirani acheze, na umwangalie kama amepata sababu mpya ya kukimbia.