Inzi Asiye Inzi: Tahakiki ya Istilahi za Chambo cha Juu ya Maji

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazotufikia mara kwa mara ili zisanifiwe ni orodha za istilahi za michezo na burudani. Kazi hizi aghalabu huhesabiwa kuwa ndogo, zisizolingana na istilahi za sheria au za tiba, na kwa sababu hiyo huandaliwa kwa haraka. Katika makala haya twakusudia kutahakiki orodha mojawapo, pamoja na maelezo ya ufundi yaliyoambatana nayo. Orodha hiyo yahusu uvuvi wa maji baridi kwa ufito na chambo cha bandia, na hasa uundaji wa chambo kile kieleacho juu ya maji, ambacho kikivutwa hutoa mlio. Mtayarishaji wake hatutamtaja, kwani tunachokikosoa ni njia aliyoifuata, na njia hiyo twaikuta katika orodha nyingi.

Jambo lenyewe

Istilahi haipimiki kabla jambo linalotajwa halijaeleweka. Katika uvuvi wa mshipi tuliouzoea, uzito wa chubwi au wa chambo ndio unaouchukua mshipi mbali. Katika uvuvi huu mambo ni kinyume: mshipi wenyewe ndio mzito, nao ndio unaokichukua chambo, ambacho ni chepesi. Chambo hicho si kitu cha kuliwa. Ni ndoana iliyovishwa manyoya, nywele na nyuzi ili ifanane na kiumbe ambacho samaki humla. Desturi hii ni kongwe. Aelianus, Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, aliwaeleza wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuifungia manyoya mawili ya jogoo. Chambo chao kilimwiga mdudu arukaye. Waingereza nao wakaviita vyambo vya jinsi hii kwa jina la inzi, na jina likabaki hata pale chambo kilipoacha kumwiga mdudu yeyote.

Chambo kinachotushughulisha hapa ni mfano mzuri wa mabadiliko hayo. Kilikulia Marekani kwa ajili ya samaki aitwaye besi (Micropterus salmoides), mwenye kinywa kipana, ambaye hushambulia vyura, panya na samaki wadogo karibu na uso wa maji. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ernest Peckinpaugh wa mji wa Chattanooga, jimbo la Tennessee, alipata sifa kwa kuviunda kwa korki, yaani lile gome jepesi ambalo watu hulifahamu zaidi katika vizibo vya chupa. Samaki huyo si mgeni kabisa kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa mwaka 1929 alipandikizwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya.

Namna ya kukiunda ni hii. Ndoana hubanwa katika jiliwa, na shina lake huzongwa uzi ili gundi ipate mahali pa kushika. Nyuma, karibu na mpindo, hufungwa mkia wa manyoya. Na mbele ya mkia huzungushwa unyoya mwingine ukawa kama kola. Kisha kipande cha korki huchongwa, kikasuguliwa kwa msasa, kikachanjwa mfereji tumboni, kikagandishwa juu ya shina. Mafundi wengi hutumia ndoana yenye nundu shinani, ili mwili usizunguke gundi ikichoka. Mwishowe hupakwa rangi, hutiwa macho, na pengine nyuzi za mpira hupitishwa ubavuni kwa sindano zikawa miguu.

Mambo mawili ndiyo roho ya kazi. La kwanza, uso wa mbele huchimbwa kidogo, mfano wa kiganja cha mtu atekaye maji. Mvuvi avutapo mshipi kwa ghafula, uso huo husukuma maji na kukamata hewa, na mlio hutoka. La pili, mwili hukaa juu kiasi kwamba nafasi iliyo baina ya shina na ncha ya ndoana haizibwi. Ikizibwa, samaki atauma lakini ndoana haitamshika. Istilahi yoyote itakayomfanya fundi akosee katika mambo haya mawili, hata ikiwa tamu masikioni, ni istilahi mbovu.

Kasoro za orodha

Ili kuipima orodha hii tuliyapeleka maelezo yake kwa seremala mmoja ambaye pia ni mvuvi wa mshipi, asiyejua Kiingereza, tukamwomba aunde chambo kama alivyosoma. Alikuwa na zana zote na mikono yake ni ya kuaminika. Alichotuletea baada ya siku mbili kilikuwa kipande cha mti kilichochongwa vizuri mno, chenye tundu lililopita kutoka mbele hadi nyuma. Tulipokijaribu majini, maji yaliingia mbele yakatokea nyuma, wala hapakuwa na mlio wowote. Kosa halikuwa lake. Orodha ilisema "uso wenye tundu", naye alitoboa. Neno lililohitajika lilikuwapo tayari katika masomo ya fizikia, ambamo wanafunzi wetu husoma habari za lenzi mbonyeo na lenzi mbinuko. Uso wa chambo hiki ni uso mbonyeo. Mtayarishaji hakulikosa neno hilo kwa sababu halipo. Alilikosa kwa sababu hakulitafuta nje ya mipaka ya uvuvi.

Seremala huyo alituuliza pia ni sabuni gani itoayo povu la kuweza kuchongwa kwa kisu. Orodha ilikuwa imesema kwamba, pasipo na korki, mwili waweza kuundwa kwa "povu". Kilichokusudiwa ni ile mali nyepesi yenye vijishimo vya hewa vilivyofungika, isiyonywa maji. Sponji nayo haifai kuwa jina lake, maana sponji tuijuayo hunywa maji. Lakini mali hiyo imo miguuni mwetu kila siku: ni mpira wa kandambili. Pwani yetu kandambili zilizochakaa hukatwakatwa zikawa maboya ya nyavu, na vipande hivyo hivyo huchongeka vizuri vikawa chambo. Twaona ajabu kwamba mtayarishaji alikwenda mbali kutafuta povu, hali neno analolijua kila mtoto lilikuwa mlangoni pake.

Kasoro ya tatu ilimchekesha seremala wetu, nasi hatukujizuia. Mbele ya ncha ya ndoana baadhi ya mafundi hufunga kitanzi cha uzi wa nailoni ili ndoana isinase katika majani ya majini. Orodha ilikiita kitanzi hicho "mlinzi wa magugu". Kwa Kiswahili, mlinzi wa shamba hulilinda shamba, na mlinzi wa mlango huulinda mlango. Basi mlinzi wa magugu atayalinda magugu. Mpangilio wa maneno ya Kiingereza umehamishwa kama ulivyo, na maana ikapinduka juu chini. Kikinga-magugu lingefaa, kwa kuwa kukinga ni kuzuia kitu kisikufikie.

Kadhalika, orodha ilizitaja "nywele za paa" kwa miili inayoundwa bila korki. Nywele zinazotakiwa ni za ayala, ambaye jina lake wasomaji wa Biblia ya Kiswahili walifahamu. Nywele hizo zina uwazi wa hewa ndani, na kwa hiyo hutawanyika uzi unapokazwa, zikakatwa kwa mkasi kufuata umbo litakiwalo, na zikaelea. Atakayekwenda kutafuta nywele za paa atapata za mnyama mwingine kabisa.

Hatusemi kwamba orodha yote ni mbovu. Kutumia jiliwa badala ya kutohoa neno jipya ni uamuzi wa kusifiwa, na vilevile "kola" na "miguu ya mpira" ni maneno ambayo msomaji huyaelewa mara moja. La kuzingatia ni kwamba mtayarishaji alifaulu kila mahali alipokitazama kitu chenyewe, na alianguka kila mahali alipolitazama neno la Kiingereza peke yake.

Suala la jina

Sasa tuje kwenye jina la chambo chenyewe, ambalo orodha imelitoa kuwa "inzi mpasukaji". Si inzi, kwani humwiga chura. Wala hakipasuki, na kikipasuka mvuvi amepata hasara. Kwa aina nzima ya vyambo hivi twapendekeza chambo cha unyoya. Yamkini mtu atasema kwamba vingine havina unyoya hata mmoja. Ni kweli, lakini unyoya ndio uliokuwapo tangu siku za Makedonia, na jina la ukoo haliwi batili kwa sababu ya mtoto mmoja asiyefanana na nduguze.

Kwa chambo chenye mlio, majina matatu yalipimwa katika majadiliano yetu. La kwanza ni popa, yaani kulitohoa jina la Kiingereza. Utohozi si dhambi. Baiskeli na betri ziliingia kwa mlango huo. Lakini mkopo huhalalika pale mtu alipotafuta nyumbani akakosa. La pili ni kipiga-maji. Umbo lake halina ila, mfano wa kipima-joto. Ila katika mazungumzo kupiga maji ni kulewa, na msomaji atacheka kabla hajaelewa. La tatu ni kichubwi, kutokana na mlio wa kitu kitumbukiacho majini. Hili lilituvutia sana. Hata hivyo, mvuvi wa pwani ana chubwi tayari, nacho ni kile kipande kizito kinachozamisha mshipi. Kukiita kieleacho kwa jina la kizamishacho ni kuwachanganya watu wale wale tunaowaandikia.

Twapendekeza chambo mwaliko. Kitenzi alika kina maana mbili: kumwita mtu karamuni, na kutoa mlio, kama vile vidole vinapoalishwa. Mwaliko basi ni wito, na tena ni mlio. Kwa kawaida twayakwepa maneno yenye maana mbili, kwa kuwa istilahi haitakiwi kumpeleka msomaji njia panda. Hapa lakini njia zote mbili zafika mahali pamoja. Atakayefahamu mlio atajua chambo hiki hufanya nini, na atakayefahamu wito atajua hukifanya kwa nini. Twakiri kwamba mlio wa maji si mkavu kama wa vidole, na kwamba maana hiyo ya pili imefifia kwa vijana wengi. Kufifia si kufa, na kulirudisha neno kazini ni sehemu ya kazi yetu.

Hitimisho

Twapendekeza, kwa hiyo, istilahi zifuatazo zijadiliwe: chambo cha unyoya kwa aina nzima, chambo mwaliko kwa kieleacho chenye mlio, uso mbonyeo, mwanya wa ndoana kwa nafasi iliyo baina ya shina na ncha, ndoana ya nundu, mpira wa kandambili, kikinga-magugu, nywele za ayala. Kwa kazi yenyewe twapendekeza kuunda chambo, kama mafundi wa pwani wanavyounda vyombo, ili kufunga kubaki kwa fundo linalokiunganisha chambo na mshipi.

Zaidi ya orodha hii, tuna ombi moja kwa watayarishaji wenzetu. Kabla istilahi za ufundi hazijaletwa mbele ya kamati, na zipelekwe kwanza kwa fundi asiyeijua lugha ya asili, naye aachwe aunde. Seremala wetu tulimrudia na maelezo yaliyosahihishwa. Safari hii alikata kipande cha kandambili, akauchimba uso kwa ncha ya kisu kilichopashwa moto, na chambo chake kikaalika majini mara ya kwanza kilipovutwa.