Kuta Zilizomwagwa za Koudougou

Mjini Koudougou, Burkina Faso, joto la Aprili huvuka nyuzi 40. Kwa hali ya hewa kama hiyo wasanifu wengi huchora boksi la zege na vioo, kisha humwachia fundi wa viyoyozi mzigo uliobaki. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando katika nchi hiyohiyo, alipochora Taasisi ya Teknolojia ya Burkina, chuo kilichokamilika mwaka 2020, alianza na udongo uliokuwa palepale.

Matofali ya udongo alikuwa ameyazoea tangu alipojenga shule ya msingi ya Gando, iliyokamilika mwaka 2001. Koudougou akabadili mkono. Udongo ulimwagwa ndani ya kingo kubwa, jinsi mafundi wamwagavyo zege, na kuta zikapanda haraka kuliko kupanga tofali juu ya tofali. Kazi hiyo haitaki pupa. Kingo zikishafunguliwa, ukuta unaonekana kama ulivyo, na hakuna plasta ya kuficha aibu ya fundi. (Kwetu mwenye nyumba angedai plasta na rangi kabla hajalipa.) Unene wa ukuta nao una kazi: mchana hulipokea joto polepole, usiku hulitoa, na darasa linabaki na nafuu saa za masomo.

Ninachokistahi zaidi, hata hivyo, ni njia ya hewa. Madarasa yamejengwa vipande vipande vinavyofanana, na vipande hivyo havikupangwa mstari mmoja. Kimoja kimesogezwa mbele, kingine nyuma, ili upepo upite katikati na kuufikia ua. Upande wa nyuma wa kila kipande, paa limeinuliwa mfano wa dohani. Hewa ya moto hupanda, hutokea huko juu, na kwa kutoka kwake huivuta ya chini iingie. Hakuna mota hapo. Kuna vipimo tu, na mtu aliyevifikiria kwa muda mrefu.

Halafu kuna mkaratusi. Mti huu tunaujua: hukua upesi, hunyonya maji ya ardhini, na kivuli chake ni haba. Wengi huukata kwa kuni. Kéré aliyapanga magogo yake membamba wima mbele ya kuta na kwenye varanda, yakawa pazia la kukata jua kali huku mwanga na upepo vikipenya.

Eneo lenyewe hufurika msimu wa mvua. Badala ya kupambana na maji, ardhi ilichongwa iyaongoze hadi kwenye tangi kubwa chini ya ardhi, na kiangazi yanamwagilia miembe ya chuo. Chuo kikihitaji madarasa zaidi, kipande kingine kitaongezwa pembeni kwa mpangilio uleule, na upepo utaendelea kupata njia yake.